Neno la Kiswahili na Upana wa Kioo: Isimu ya Mpangilio katika Simu za Mkononi



Katika mijadala ya muda mrefu kuhusu Kiswahili na teknolojia, swali limekuwa karibu lile lile: je, lugha hii inayo maneno ya kutosha? Kamati zimeketi, orodha za istilahi zimechapwa, na jibu limetolewa kwa vitendo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi ambayo menyu zake zote zilikuwa za Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ikatoa Windows yenye sura ya Kiswahili katika muongo huo huo. Siku hizi mwenye simu akifungua orodha ya lugha, mara nyingi hukikuta Kiswahili humo. Maneno, basi, yapo.

Pamoja na hayo, lipo lalamiko linalosikika kila panapozungumzwa jambo hili. Mtumiaji huchagua Kiswahili, akakaa nacho siku mbili tatu, kisha akarudi kwenye Kiingereza. Wanaisimu wameizoea kuieleza tabia hiyo kwa neno moja: kasumba. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini yametumiwa kupita kiasi, na wakati mwingine yametumiwa ili kuepuka kazi. Mtu aliyefungua programu ya kutuma fedha akakuta kitufe kilichoandikwa "Thibi…", na juu yake mstari usemao "Kiasi kilicho…", hahitaji kasumba yoyote ili akimbie. Amekimbia kwa sababu hakusomeka alichoandikiwa. Kosa hapo si la msemaji wala si la lugha, bali ni la mpangilio. Na mpangilio, kama mhadhara huu unavyokusudia kuonyesha, ni jambo ambalo mwanaisimu analo la kusema.

Vioo vingi, kurasa moja

Ili hoja ieleweke, yafaa kwanza kueleza jinsi kioo cha simu kinavyopimwa. Kioo ni uwanja wa nukta ndogo zinazoitwa pikseli. Simu ya kwanza ya iPhone, iliyotoka mwaka 2007, ilikuwa na pikseli 320 kwa upana na 480 kwa urefu, na katika kila inchi zilipangwa pikseli 163. Simu za mwanzo za Android, kuanzia mwaka 2008, nazo zilikuwa na kioo cha 320 kwa 480. Mbunifu wa wakati huo aliweza kufanya kazi kama fundi anayeshona nguo kwa mteja mmoja tu: alipima mara moja, akakata, akamaliza. Akisema kitufe kiwe na upana wa pikseli 100, alijua kitaonekana vipi mkononi mwa kila mtu.

Hali hiyo haikudumu. Mwaka 2009 Android toleo la 1.6 liliruhusu vioo vya ukubwa na msongamano mbalimbali. Mwaka 2010 iPhone 4 ikaja na pikseli 640 kwa 960 katika kioo chenye ukubwa ule ule wa awali, yaani pikseli 326 kwa inchi. Matokeo yake ni rahisi kuyahesabu. Kitufe cha pikseli 100 katika kioo chenye pikseli 160 kwa inchi kina upana wa milimita 16 hivi. Kitufe hicho hicho katika kioo chenye pikseli 480 kwa inchi kina milimita 5 na ushei. Kidole cha mtu mzima hakipungui kwa sababu kiwanda kimeongeza nukta. Kitufe kilichokuwa kikibonyezwa bila taabu kikawa punje ya mtama.

Suluhisho lililokubalika lilikuwa kuacha kupima kwa nukta na kupima kwa kipimo kisichofungamana na nukta. Katika Android kipimo hicho huandikwa dp, na dp moja ni sehemu moja ya 160 ya inchi. Idadi ya pikseli hupatikana kwa kuzidisha dp kwa msongamano wa kioo na kugawanya kwa 160. Simu yenye upana wa pikseli 720 na msongamano wa 320 ina upana wa dp 360. Yenye pikseli 1080 na msongamano wa 480, dp 360 vile vile. Yenye pikseli 1440 na msongamano wa 640, ni dp 360 tena. Vioo vitatu ambavyo kwa hesabu ya nukta havifanani hata kidogo vinakuwa kwa mbunifu kioo kimoja. Ni kweli kwamba viwango hivyo vya msongamano (120, 160, 240, 320, 480, 640) ni madaraja ya kukadiria, na simu yenye msongamano ulio kati huingizwa katika daraja la jirani, kwa hiyo inchi ya kwenye mahesabu si lazima ilingane kabisa na inchi ya rula. Lakini kwa kazi ya kupanga ukurasa, makadirio hayo yanatosha.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hana sababu ya kuliona wazo hili kuwa geni. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, na kipande cha utenzi kina mizani 8. Mizani hiyo haibadiliki kwa kuwa mwandishi mmoja ana mwandiko mnene na mwingine ana mwandiko mwembamba, wala kwa kuwa shairi limehamishwa kutoka karatasi ya daftari hadi ukurasa wa gazeti. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, hakuhitaji kutaja karatasi ili aeleze mshororo ulio kamili. Mtunzi ambaye angepima mshororo kwa inchi angechekwa. Wahandisi wa simu waliufikia ujuzi huo kwa njia yao wenyewe, baada ya kuchekwa kwanza.

Picha hazihitaji kutuchelewesha. Kwa muda mrefu kila picha ilitengenezwa katika nakala kadhaa, moja kwa kila daraja la msongamano; tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, picha nyingi ndogo huchorwa kwa mistari ya kihesabu inayokua na kupungua bila kuharibika. Tatizo la picha, kwa kiasi kikubwa, limekwisha. Tatizo la neno ndilo lililobaki, na hapo ndipo isimu inapoingia.

Neno lisilokatika

Inasemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili ni kirefu kuliko Kiingereza, na kwamba ndiyo sababu hakitoshi katika kioo kidogo. Kauli hiyo haistahimili kuhesabiwa. Vitenzi vya amri, ambavyo ndivyo vinavyojaza vitufe, ni vifupi mno: tuma, futa, funga, pakia, pakua, ingia, toka. Futa ina herufi 4 ilhali neno la Kiingereza linalolingana nalo lina 6. Tafuta na ghairi zinalingana na wenzao, 6 kwa 6. Hifadhi ina 7 dhidi ya 4, na mipangilio 10 dhidi ya 8. Hakuna ushindi wala kushindwa hapo.

Tofauti ya kweli iko kwingine. Na uchukuliwe mfano wa neno "hakijahifadhiwa". Lina herufi 15. Kauli ya Kiingereza yenye maana hiyo ina maneno matano, na ukihesabu herufi pamoja na nafasi zake hufika 21. Kwa jumla Kiswahili ni kifupi zaidi. Lakini Kiingereza kina nafasi nne ndani ya kauli hiyo, na katika kila nafasi mashine inaweza kukata mstari na kuendelea chini. Kiswahili hakina hata moja. Kiambishi cha ukanushi, cha ngeli, cha wakati, mzizi, kauli ya kutendwa, vyote vimefungwa pamoja katika mtumba mmoja usiofunguka. Mashine haiulizi mstari mzima una urefu gani. Inauliza neno refu kuliko yote lina upana gani. Kwa swali hilo, lugha ambishi-bainishi kama Kiswahili hujibu kwa namba kubwa kuliko lugha inayotenganisha maneno.

Hesabu ndogo itaonyesha uzito wa jambo lenyewe. Chukua kioo cha dp 360 na safu ya vichupo vinne. Kila kimoja kinapata dp 90. Ukiondoa pambizo ya dp 12 kila upande, hubaki 66. Fonti ya kimo cha 14 hutumia kwa wastani dp 7 hivi kwa herufi moja. Zinaingia herufi tisa. Katika kioo cha dp 320, ambacho bado kimo katika simu za bei ya chini, zinaingia nane. "Miamala" inaingia, "Arifa" inaingia. "Mipangilio" inaponea chupuchupu kwa sababu ya wembamba wa herufi i na l. "Hakijahifadhiwa" haina matumaini.

Mwongozo wa kampuni ya IBM kwa watengenezaji wa programu, unaonukuliwa sana, hushauri kwamba maandishi ya Kiingereza yasiyozidi herufi 10 yaachiwe nafasi ya ziada ya asilimia 100 hadi 200 kwa ajili ya tafsiri, na yanayozidi herufi 70 asilimia 30 tu. Ushauri huo ni mzuri, lakini unahesabu urefu wa jumla. Kwa Kiswahili ungepaswa kuongezewa sharti la pili: nafasi itoshee neno moja refu lisilokatika. Mbunifu anayeacha kitufe kikue kulingana na maandishi yake, na anayevipanga vitufe viwili kimoja juu ya kingine pale visipotosha ubavuni, amelitimiza sharti hilo hata kama hajui silabi moja ya Kiswahili. Aliyefunga upana kwa namba amekwisha kulivunja kabla mfasiri hajaitwa.

Nukta tatu

Neno lisipotosha, mashine hulikata mwisho na kuweka nukta tatu. Kwa msomaji wa Kiingereza hasara mara nyingi ni ndogo, maana mzizi wa neno hutangulia na kilichokatwa ni mkia. Katika kitenzi cha Kiswahili mpangilio ni kinyume: viambishi hutangulia na mzizi hufuata. "Kiasi kilichobaki", "kiasi kilichotumwa" na "kiasi kilichozuiwa" vikikatwa vyote vinakuwa "Kiasi kilicho…". Herufi 12 na nafasi moja zimetumika, na msomaji ameambiwa tu kwamba kuna kiasi, na kwamba kiasi hicho kiko katika ngeli ya ki-vi. Yaliyobaki ndiyo yaliyomfanya afungue simu.

Majina ya siku ni mfano ulio wazi zaidi. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano, zikikatwa baada ya herufi nne, zote ni "Juma…". Kalenda ya namna hiyo ina siku tano zenye jina moja, kisha Alhamisi na Ijumaa. Mfumo uliotengenezwa kwa lugha ambayo herufi tatu za mwanzo hutosha kuzitofautisha siku zote saba hauwezi kuhamishwa hivi hivi. Ndivyo ilivyo pia kwa saa: ili kusema saa 3:00 asubuhi zinahitajika herufi na alama zaidi ya mara mbili ya zile zinazohitajika katika Kiingereza, na neno "asubuhi" likikatwa msomaji hajui kama ni asubuhi au usiku.

Bahati iliyopo ni kwamba ukanushi wa Kiswahili hukaa mbele, kwa hiyo "Hutatozwa" hata ikikatwa huacha dalili. Bahati hiyo haifiki kwenye vishazi rejeshi. "Iliyokamilika" na "isiyokamilika" hutofautiana kwa konsonanti moja tu iliyo ndani ya neno, l dhidi ya s. Vivyo hivyo pakia na pakua, jozi nzuri iliyochukuliwa katika shehena na chungu cha jikoni, hutenganishwa na irabu moja. Katika kioo chenye msongamano wa 120, fonti ikipunguzwa ili neno litoshe, ni konsonanti hiyo moja inayoamua kama mama muuza samaki ataelewa kuwa fedha zake zimefika au hazijafika. Kupunguza fonti ndiyo dawa inayopendwa na wabunifu wavivu, na kwa Kiswahili ni dawa ya hatari.

Hatari hiyo huongezeka kwa wale wanaohitaji maandishi makubwa. Android hupima maandishi kwa kipimo cha pili, sp, ambacho hufuata si kioo tu bali pia matakwa ya msomaji: mzee akiongeza ukubwa wa fonti katika simu yake, sp nayo huongezeka. Tangu Android 14 ya mwaka 2023 ukubwa huo unaweza kufika asilimia 200, ingawa maandishi ambayo tayari ni makubwa hayaongezwi kwa kiwango sawa na yale madogo. Kichupo chetu cha dp 66, kilichokuwa na herufi tisa, kwa fonti iliyokaribia maradufu hubaki na herufi nne au tano. "Tuma" itaonekana. "Thibitisha" haitaonekana. Wale ambao macho yao yamechoka, na ambao aghalabu ndio wasiojua Kiingereza cha kukimbilia, ndio wanaoachiwa nukta tatu.

Mahali pa kukata

Ikibidi neno likatwe, likatwe na wanaolijua. Silabi za Kiswahili huishia kwa irabu, isipokuwa konsonanti chache zinazosimama peke yake kama m katika mtu, na kwa sababu hiyo kanuni ya kukata ni nyepesi kuliko ya lugha nyingi: kata baada ya irabu. Ha-ki-ja-hi-fa-dhi-wa. Mbunifu anaweza kutia ndani ya neno kistari kisichoonekana ambacho hujitokeza pale tu mstari unapokatika. Msomaji mzoefu, hata hivyo, hupendelea mkato unaoheshimu mofimu. "Kilicho-" mstari wa juu na "tumwa" mstari wa chini husomeka upesi kuliko "kilichotu-" na "mwa". Palipo na nafasi ya kuchagua, mofimu itangulizwe kuliko silabi.

Ng' yenye ritifaa ni kisa cha pekee. Ritifaa hiyo ni sehemu ya herufi, si alama ya kutenga, na neno ng'ombe hukatwa ng'o-mbe, kamwe si ng'-ombe. Zaidi ya hayo, katika mafaili ambamo Android huhifadhi maandishi ya programu, ritifaa ya kawaida huchukuliwa kuwa alama ya amri, na kwa kawaida hutanguliwa na mkwaju wa nyuma; mfasiri asiyeambiwa hilo hukabidhi kazi safi, na programu ikaikataa. Ni jambo dogo, lakini wafasiri wamelaumiwa kwa udogo wa namna hiyo. Kwa wanaoshughulika na hati za Kiswahili cha maandishi ya Kiarabu, itoshe kutaja kwamba tangu Android 4.2 ya mwaka 2012 ukurasa unaweza kupangwa kutoka kulia kwenda kushoto, endapo mbunifu ameandika "mwanzo" na "mwisho" badala ya "kushoto" na "kulia".

Kazi ya kamati

Kamati za istilahi zimefanya kazi kubwa, na mhadhara huu haukusudii kuibeza. Lakini zilipima maana, asili na utamkikaji, hazikupima upana. Istilahi iliingizwa katika orodha kana kwamba itaishi katika kamusi, ilhali makazi yake ni kitufe. Mfasiri aliyepewa orodha hiyo huandika "Kiasi kilichobaki" kwa kuwa ni sahihi, na ni sahihi kweli. Mwenye duka kule mtaani, ambaye hajawahi kuketi katika kamati, husema "salio". Herufi tano, hazikatiki, na hakuna asiyezielewa. Ada, makato, muamala, nywila: maneno mafupi yenye mzizi ulio mbele yapo tele, na mengi yalikuwepo kabla ya simu. Kinachohitajika ni kwamba kila istilahi ya kioo iwe na umbo lake kamili, umbo fupi lililokubaliwa, mahali pake pa kukatia, na idadi ya herufi za kipande chake kirefu kuliko vyote. Na kwamba, kabla ya kupitishwa, isomwe katika simu ya dp 320 ambayo fonti yake imekuzwa hadi mwisho. Kazi hiyo haidai fedha nyingi. Inamtosha mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye simu moja ya bei rahisi na subira.

Maumbo mafupi yenyewe hayatakosa ubishi. Vijana wanaoandikiana ujumbe wa simu, tangu enzi za herufi 160, wamekwisha kulitatua tatizo la majina ya siku bila msaada wa mtu: huandika J1 kwa Jumamosi, J2 kwa Jumapili, J3 kwa Jumatatu, na kuendelea hadi J5. Herufi moja na tarakimu moja, hakuna mbili zinazofanana, na zimefuata etimolojia ya majina hayo kwa uaminifu kuliko vifupisho vingi rasmi. Baadhi ya walimu huzisahihisha kwa kalamu nyekundu. Mabaraza ya lugha bado yanalo swali hilo mbele yao: kama J3 itaandikwa katika kalenda ya simu kuwa Kiswahili sanifu, au kama "Juma…" itaendelea kuwa jina la siku tano.